Doa la zambarau kutoka Banyuls

Ndani ya daftari langu la maabara, katikati ya kurasa zilizojaa michoro ya matumbo ya konokono, nimebandika kipande cha pamba nyeupe kisichozidi ukubwa wa stempu. Katikati yake kuna doa la zambarau iliyokolea, inayoelekea kidogo kwenye buluu. Nimekifua kitambaa hicho mara tatu kwa sabuni, kwa makusudi, nikakianika juani, na doa halikupauka. Nililitia mwenyewe mjini Banyuls-sur-Mer, kusini kabisa mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania, hatua chache kutoka kwenye kaburi la mtu ambaye kwa muda mrefu nimetaka kuandika habari zake.

Anaitwa Henri de Lacaze-Duthiers. Alizaliwa mwaka 1821 Montpezat, katika mkoa wa Lot-et-Garonne, akafariki 1901. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwa moluska wa baharini: konokono, kome, chaza na ndugu zao wengine wenye miili laini. Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kuosha, kupasua, kutia dawa, kutengeneza slaidi na kuwapa wasomi waziweke chini ya hadubini. Nilipelekwa kwenye kituo cha utafiti wa bahari cha Banyuls kwa mafunzo ya wiki tatu, na huko ndiko nilikofahamiana na huyu mzee. Tangu hapo sijamwacha.

Nianze na konokono, kwa sababu huyo ndiye aliyenivuta.

Siku hizi anaitwa Hexaplex trunculus. Enzi za Lacaze-Duthiers alikuwa Murex trunculus. Gamba lake ni zito, lina vinundu, na ukilisugua vizuri utaona mikanda ya kahawia ikilizunguka. Wavuvi wa Mediterania humpata akiwa amejikokota hadi kwenye nyavu, akila samaki walionaswa. Kumfungua kunataka subira. Wa kwanza nilimbana kwenye jiriwa nikakaza kwa pupa. Gamba likapasuka vipande vipande na nyama ikasagika humo humo. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyezoea kazi hiyo, hakusema neno. Alinisogezea konokono wa pili, akanionyesha kwa kidole mahali pa kubana: kwenye tumbo pana la gamba, si karibu na ncha.

Ukimtoa mzima, unakata ile ngozi laini ya juu inayoitwa joho, unaikunjua kama anayefunua kitabu. Ndani yake utaona matamvua upande mmoja, utumbo wa mwisho upande wa pili, na katikati yao kuna ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa ya mgando. Hiyo ndiyo tezi yenyewe. Nilichovya brashi, nikapaka kwenye kitambaa. Hakuna kilichotokea. Kilikuwa kama kamasi tu, nikadhani nimekosea tena.

Mama akaniambia, "Peleka dirishani."

Nikapeleka. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja. Kamasi ile ikageuka manjano hafifu, kisha kijani cha majani machanga, kisha kijani kikaingiwa na buluu, na kutoka pembeni, pale ute ulipokuwa mwembamba, zambarau ikaanza kutambaa kwenda ndani. Yote haya mbele ya macho yangu, kama vile kuna mkono unaopaka. Halafu ikaja harufu. Harufu hiyo siwezi kuilinganisha na kitu kingine ila vitunguu saumu vilivyoozea kwenye mfuko wa plastiki. Ilikaa mikononi mwangu siku mbili.

"Sasa umeona alichokiona Lacaze-Duthiers kule Mahón," mama alisema, akaenda zake kumsaidia mwingine.

Jioni nilikwenda maktaba ya kituo kuuliza Mahón ni kitu gani.

Mahón ni bandari ya kisiwa cha Menorca, Hispania. Lacaze-Duthiers alikuwa huko kiangazi cha mwaka 1858 akitafuta wanyama wa kuchunguza, na kama kawaida yake alikuwa amemkodi mvuvi. Siku moja akamwona mvuvi huyo akipoteza muda kwa kuchora alama kwenye nguo zake mwenyewe. Alikuwa na kijiti, akikichovya ndani ya konokono aliyempasua, na alichokichora kilionekana kama michirizi ya manjano isiyo na maana. Mvuvi akamweleza kwamba jua likipiga itakuwa nyekundu. Profesa akampa nguo yake naye aichore. Jua likapiga, rangi ikageuka zambarau, na uvundo ukapanda.

Msomaji, fikiri pale. Zambarau ya watu wa kale, zambarau ya wafalme wa Tiro na Roma, ile ambayo Lidia wa kwenye Matendo ya Mitume alikuwa akiiuza, ilikuwa imekwisha kupotea kwa karne kadhaa kama kazi ya mikono. Wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya maandishi ya Plinio, mwandishi wa Roma ya kale: ni gamba lipi, ni sehemu gani ya mnyama, na je, rangi yenyewe ilikuwa nyekundu au ya urujuani. Wapo waliowahi kuikaribia. William Cole, Mwingereza, aliandika juu ya konokono wa namna hiyo mwaka 1685, na Réaumur, Mfaransa, mwaka 1711 huko pwani ya Poitou. Lakini mvuvi wa Menorca alikuwa nayo kwenye nguo zake. Na profesa alikuwa na akili ya kutosha ya kusimama na kumuuliza.

Hapo ndipo nilipompenda mtu huyu. Wengine wangeona mchezo wa mvuvi asiye na kazi. Yeye aliona swali, akalishika, akaondoka nalo. Mwaka uliofuata, 1859, alichapisha risala ndefu kuhusu zambarau. Alionyesha kwamba rangi haitoki kwenye mshipa kama alivyosema Plinio, bali kwenye tezi iliyo upande wa ndani wa joho. Alionyesha kwamba ute wenyewe hauna zambarau ndani yake hata chembe unapotoka. Zambarau huzaliwa nje, kwa mwanga. Alijaribu spishi tatu za Mediterania na zote zikampa jibu. Kwa kuwa mwanga ndio uliofanya kazi, alipaka ute huo kwenye kitambaa akatoa picha juu yake, kama wapiga picha wa wakati huo walivyofanya na chumvi za fedha.

Kemia ilikuja baadaye. Mwaka 1909 Paul Friedländer alikusanya konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi safi, akagundua kuwa ni nili iliyobeba atomi mbili za bromini. Nikitazama kitambaa changu kidogo na kukumbuka hesabu hiyo, ninaelewa kwa nini vazi zima la zambarau lilikuwa la mfalme.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mtu hakuzaliwa na kijiti mkononi.

Lacaze-Duthiers alisomea udaktari wa binadamu Paris na kuumaliza mwaka 1851. Lakini alikuwa amekwisha kuvutwa na mihadhara ya mtaalamu wa wanyama Henri Milne-Edwards, na mwaka 1853 akatetea tasnifu ya pili, ya sayansi, kuhusu viungo vya uzazi vya wadudu wa kike. Ndiyo, wadudu. Mkono uliozoea kupasua mdudu mdogo namna hiyo haukupata taabu ulipohamia kwenye konokono. Mwaka 1854 alipewa kiti cha zoolojia Lille, kitivo kipya cha sayansi ambacho mkuu wake alikuwa Louis Pasteur. Huko alikaa karibu miaka kumi, na kila likizo ilipofika alikimbilia baharini.

Miaka hiyo ndiyo aliyofanya kazi ninayoihusudu kuliko hata ya zambarau: kazi ya dentale. Wengi hawajamwona mnyama huyu, basi nimweleze. Gamba lake ni mfano wa pembe ndogo ya ndovu, jeupe, limepinda kidogo, lina urefu wa sentimita tatu au nne na limetoboka pande zote mbili. Anaishi amejifukia mchangani, ncha nyembamba ikichungulia juu na upande mpana ukiwa chini. Hana macho, hana matamvua. Anapumua kwa ngozi ya joho lake. Chini huko gizani ana nyuzi nyingi nyembamba zenye vichwa vidogo kama njiti za kibiriti, anazipenyeza katikati ya punje za mchanga akipapasa vijidudu vya kula.

Cuvier, mkubwa wa wataalamu wa wanyama wa Ufaransa, alimweka kundi moja na minyoo ya mirijani. Ukiangalia gamba peke yake huwezi kumlaumu. Deshayes alirekebisha mwaka 1825 kwa kuonyesha kwamba ni moluska, lakini moluska wa aina gani? Konokono? Kome? Lacaze-Duthiers alimfuata kwenye mchanga wa pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, akampata akiwa hai, akamweka kwenye vyombo vya maji ya bahari, akangoja atage. Akaona mayai yakitoka kwa ile ncha nyembamba. Akaona lava, yaani watoto wachanga wa mnyama huyo, wakiogelea kwa mikanda ya vinywele vidogo, akawatazama wakianza kujenga gamba linalowakumbatia kama kanzu isiyofungwa, hadi kingo zake mbili zikakutana na kuwa mrija. Akasema huyu si konokono wala si kome. Anastahili ngeli yake mwenyewe, yaani kundi kubwa la peke yake. Aliipa jina Solenoconques, mwaka 1857. Jina linalotumika leo ni jingine, Scaphopoda, lililotolewa na Bronn miaka michache baadaye. Ngeli yenyewe imebaki pale pale alipoiweka.

Nimejaribu kumpasua dentale mara nne. Mara nne zote nimeshindwa kuitoa neva ya mguu bila kuikata. Michoro ya Lacaze-Duthiers inaionyesha nzima, pamoja na vifundo vyake, na mistari myembamba kiasi kwamba unahitaji kioo cha kukuzia kuiona kwenye karatasi. Alifanya hivyo kwa taa ya mafuta. Nikiwa mtu wa kazi za mikono, nakiri kwamba mbele ya michoro hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

Alifanya vivyo hivyo kwa Anomia, chaza anayejishikiza kwenye mwamba kwa kupitishia shina lake kwenye tundu la gamba. Kwa Haliotis, konokono wa baharini, na neva zake. Kwa Vermetus, konokono aliyeacha kutembea, akajenga mrija juu ya jiwe na kutandaza ute kama juya la kunasia chakula. Kwa kila mmoja wao alitaka kujua mambo matatu: amejengwaje, anazaliwaje, neva zake zinakwenda wapi. Suala la neva lilimshika hadi mwisho. Alisadiki kwamba ukitaka kujua undugu wa moluska usiangalie gamba, fuata neva, kwa sababu gamba hujipinda kwa kufuata maisha na neva hubaki zikishikilia viungo vile vile. Kwa kufuata neva hizo, mwaka 1872 alieleza kiungo kidogo cha hisia kwa konokono wa maji baridi ambacho hakuna aliyekuwa amekitilia maanani, na vitabu vingi vya zamani vilikiita kwa jina lake.

Kati ya 1860 na 1862 serikali ilimtuma Algeria, kwenye bandari ya La Calle, kuchunguza marijani. Kiswahili kinatusaidia hapa: matumbawe ni mwamba, marijani ni kile chekundu cha vito, na hicho hasa ndicho alichotumwa. Kitabu chake cha 1864 kilieleza jinsi lava wa marijani anavyotoka, anavyoogelea na anavyojishikiza na kuanza ukoo mpya. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa si moluska. Ila niseme tu kwamba hata huko alikaa na wavua marijani, akapanda mashua zao na kuuliza.

Baada ya hapo alipanda haraka. Mwaka 1864 chuo cha École Normale Supérieure, 1865 kiti cha annelida (minyoo yenye pingili), moluska na zoofiti (wanyama wanaofanana na mimea) kwenye Makumbusho ya Historia Asilia, Paris, 1869 Sorbonne, 1871 Akademia ya Sayansi. Kwa watu wengi hapo ndipo kazi inapoishia: kiti, joho la heshima, chakula cha jioni na wakubwa. Yeye alikuwa na miaka 50 na kazi ambayo naiona kubwa kuliko zote alikuwa hajaianza.

Ufaransa ilikuwa imetoka kupigwa na Ujerumani. Vyuo vikuu vya Wajerumani vilikuwa na maabara, na wanafunzi wa zoolojia wa Kifaransa walikuwa wakisoma kwa maiti zilizolowekwa kwenye chupa za spiriti. Zaidi ya hapo, Claude Bernard, mwanafiziolojia mashuhuri, alikuwa ameiweka zoolojia kwenye fungu la sayansi za kutazama tu, zisizojaribu kitu. Neno hilo lilimchoma Lacaze-Duthiers. Mwaka 1872 alianzisha jarida na kuliita Archives de zoologie expérimentale et générale, na hilo neno expérimentale, la majaribio, aliliweka kwenye jina makusudi. Mwaka huo huo alikwenda Roscoff.

Roscoff nilipita siku tatu tu, baada ya Banyuls. Iko upande wa pili kabisa wa nchi, kaskazini mwa Bretagne, mkabala na kisiwa cha Batz. Nilifika wakati wa bamvua. Asubuhi boti zilikuwa zinaelea bandarini; nilipotoka kula mchana zilikuwa zimelala ubavuni juu ya matope, na bahari imekwenda mbali hata sikuiona. Maji hupungua zaidi ya mita 8 pale. Unashuka na ndoo kwenye miamba iliyofunikwa mwani, unageuza jiwe, na chini yake kuna konokono, kaa, minyoo, sponji za kila rangi. Ukigeuza jiwe lazima ulirudishe lilivyokuwa; mzee mmoja aliyekuwa anaokota na mjukuu wake alinikumbusha hilo kwa ukali, na alikuwa na haki.

Lacaze-Duthiers aliyachagua maji hayo baada ya kuzunguka pwani hiyo kwa miaka. Alianza kwenye nyumba ya kupanga, na vifaa vichache. Treni ilikuwa bado haijafika Roscoff, ilifika 1883. Vituo vya namna hiyo havikuwa kitu kipya kabisa, maana Coste alikuwa na cha kwake Concarneau tangu 1859, na Anton Dohrn alikuwa akijenga cha kwake Naples, Italia, wakati huo huo. Lakini Naples ulikuwa unakodisha meza: chuo kikuu kinalipa kwa mwaka, mtu wake anapata nafasi. Roscoff haikutoza. Mwanafunzi, profesa, Mfaransa, mgeni, akikubaliwa anapewa meza, hadubini, vyombo vya kioo, mashua, mvuvi wa kumletea wanyama na mahali pa kulala, na hakuna ankara mwisho wa mwezi.

Ninarudia jambo hili kwa sababu linanigusa mwenyewe. Mimi ni mtu niliyeweza kufika mbele ya konokono huyo wa zambarau kwa kuwa kuna aliyeamua kwamba pesa zisiwe mlango. Nimeshuhudia sehemu nyingine, ambazo sitazitaja, fundi akizuiwa kugusa hadubini nzuri kwa kuwa hana cheo, mpaka zikashika ukungu kwenye lenzi. Nikisoma barua na ripoti za huyu mzee, akiomba fedha wizarani mwaka baada ya mwaka, za pampu, za mashua, za vitanda, nasikia mtu anayejua anaombea nini.

Roscoff ilikuwa nzuri kiangazi. Majira ya baridi ni upepo na mvua. Basi akatafuta kituo cha pili upande wa Mediterania ili kazi isisimame. Mji wa Banyuls ulijitolea kumsaidia kwa ardhi na fedha, mji mdogo wa wavuvi na wakulima wa zabibu, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 jengo likasimama ukingoni mwa maji. Aliliita Maabara ya Arago, kwa heshima ya François Arago, mwanafizikia aliyezaliwa Estagel, mkoa huo huo. Wakati wa Pasaka alikuwa akiwaleta wanafunzi wa Paris kwa treni, vijana ambao baadhi yao walikuwa hawajawahi kuona mnyama wa baharini akitembea, na kuwapeleka baharini hadi upande wa Hispania. Mwaka 1893 Roland Bonaparte alikipa kituo meli ya mvuke, ikaitwa Roland.

Mwaka huo huo, kwenye kituo hicho, mwanafunzi wake Louis Boutan alishuka chini ya maji na kamera. Boutan naye alikuwa mtu wa moluska. Tasnifu yake ilikuwa juu ya Fissurella, konokono mwenye gamba la kofia lililotoboka kileleni. Alikuwa amechoka kuwachunguza wanyama waliotolewa nje. Ndugu yake akachora kamera, fundi wa maabara akaijenga na kuitia ndani ya sanduku la shaba lisilopenya maji, Boutan akavaa vazi zito la mzamiaji, na baadhi ya picha zilimtaka asimame kimya chini huko hadi nusu saa. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa zilizopigwa chini ya bahari. Fundi huyo namtaja kwa furaha ya pekee, kwa sababu mafundi hatutajwi sana.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, akipenda amri yake itimizwe. Na kuna jambo kubwa ambalo, kwa maoni yangu, alilikosea: hakulikubali wazo la Darwin la mageuzi ya viumbe. Alilitazama kama nadharia iliyokimbia mbele ya ushahidi. Alfred Giard, aliyekuwa mwanafunzi wake, alilishika wazo hilo kwa mikono miwili, akaenda kuanzisha kituo chake Wimereux mwaka 1874, na mwaka 1888 akapewa Sorbonne kozi ya mageuzi ya viumbe, chini ya dari moja na mwalimu wake wa zamani. Uhusiano wao ulikuwa umeharibika zamani. Kinachonisikitisha ni kwamba Lacaze-Duthiers mwenyewe alikuwa na ushahidi mezani. Zile neva zinazobaki mahali pale wakati gamba linabadilika, lava wa dentale aliyefanana na lava wa kome kabla ya kwenda njia yake: undugu ulikuwa umeandikwa humo, na yeye ndiye aliyeuchora kwa mkono usiotetemeka kuliko wa mtu yeyote. Aliuona kila mstari, akakataa kusoma sentensi.

Alifariki tarehe 21 Julai 1901 kwenye nyumba yake ya Las-Fons, Dordogne, na akaletwa Banyuls kuzikwa ndani ya eneo la maabara. Kaburi lake liko pale, bahari iko pale. Wanafunzi wanaotoka kuvuta sigara hulipita bila kugeuka, nami wiki ya kwanza nililipita hivyo hivyo.

Katika wiki ya mwisho tulitoka na boti ya utafiti. Mbele ya Banyuls, mbali na pwani, sakafu ya bahari inakatika ghafla na kuwa korongo refu lenye kuta za mwamba, na korongo hilo linaitwa Lacaze-Duthiers. Kwenye kuta zake, mamia ya mita chini, ambako jua halifiki na maji ni baridi mwaka mzima, kuna matumbawe meupe yaliyo hai. Yeye aliyaandika mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 76. Aliyapata kwa wavuvi, ambao vifaa vyao vilikuwa vikijinasa huko na kupanda juu na matawi yaliyovunjika.

Nahodha alipunguza injini, akatuonyesha kwenye kioo cha mashine ya kupimia kina mstari ukianguka kama ukuta. Mwenzetu mmoja akauliza kama mzee aliwahi kuyaona matumbawe hayo yakiwa yamesimama mahali pake. Hapana, mama alijibu. Hakukuwa na njia. Alipata vipande tu, tayari vimekufa, akavichora tawi kwa tawi, na pembeni ya kila kimoja akaandika kina alichoambiwa na mvuvi.